Kugeuza baiskeli kuukuu ya resi iwe ya safari ndefu

Baiskeli za resi za chuma za miaka ya 1970 na 1980 bado zinapatikana kwenye mitumba ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Wanunuzi wengi huzipita: matairi membamba, mahali pa keria hapaonekani, na usukani umepinda vibaya kwa mtu asiyeuzoea. Lakini fremu ya chuma iliyonyooka inafaa kwa safari ndefu, na fundi yeyote mwenye nyundo na jiliwa anaweza kuihudumia njiani. Fedha nyingi ziende sehemu mbili tu: gurudumu la nyuma na gia za kupandia. Hapo ndipo baiskeli za resi hufia zikibebeshwa mzigo.

Kagua fremu kabla hujatoa hela

Nenda na sumaku ndogo, uzi wa mita tatu na rula. Sumaku isiponasa, fremu ni alumini. Hiyo huwezi kuipanua wala kuinyoosha, kwa hiyo iache kama upana wake wa nyuma hauendani na gurudumu ulilo nalo.

Pitisha kidole chini ya bomba la chini, sentimita chache nyuma ya shingo, yaani bomba fupi la mbele linaloshika usukani na foku. Ukigusa tuta, au ukaona rangi imekunjamana pale, baiskeli hiyo iliwahi kugonga kitu kwa mbele. Usinunue. Kisha tazama pale mabomba yanapokutana na kranki (mikono ya pedeli na ekseli yake), na midomo inayoshika ekseli ya nyuma: mstari mwembamba wa kutu unaopita juu ya rangi mara nyingi ni ufa.

Uzi ni wa kupimia unyoofu. Ufunge kwenye mdomo wa ekseli wa kulia, uzungushe mbele ya shingo, urudishe mpaka mdomo wa kushoto, uvute ukaze. Pima toka uzi hadi bomba la kiti, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita 1 au 2 inavumilika; ikifika 4, baiskeli itakuwa inakwenda upande.

Mwisho jaribu kutoa nguzo ya kiti na shina la usukani. Alumini iliyokaa ndani ya chuma miaka 30 huganda kwa kutu, na watu wengi hukimbilia kupasha moto. Alumini hutanuka zaidi ya chuma ikipata moto, kwa hiyo ukipasha vyote pamoja unaibana zaidi. Geuza fremu juu chini, mimina oili nyepesi ya kupenya kupitia tundu la kranki, iache usiku kucha, kisha zungusha nguzo kwa nguvu huku fremu imetulia. Ikigoma kabisa na kiti kipo chini ya urefu wako, tafuta baiskeli nyingine.

Pima kwanza, nunua vipuri baadaye

Upana wa nyuma, kati ya mdomo na mdomo, ndio unaoamua gurudumu. Baiskeli zenye gia 5 za nyuma zina milimita 120, za gia 6 na 7 zina 126, na za gia 8 kuendelea zina 130. Fremu ya chuma ya 126 hupokea gurudumu la 130 kwa kuivuta kwa mikono wakati wa kuingiza. Kutoka 120 ni lazima fremu ipanuliwe kabisa: vuta upande mmoja mmoja, kidogo kidogo, ukirudia kipimo cha uzi kila hatua. Baada ya hapo midomo lazima itazamane sambamba. Ikibaki imekaa mshazari, ekseli itapinda na mwishowe itakatika, na utalaumu ekseli bure.

Tairi lisome ubavuni. Namba inayoaminika ni ile ya tarakimu tatu mwishoni, kipenyo cha rimu kwa milimita mahali tairi linapokaa:

- 630 ni inchi 27, iliyokuja na baiskeli nyingi za resi za zamani.
- 622 ni ile iitwayo 700C, ya kisasa.
- 635 ni 28 x 1½, ya Phoenix na baiskeli nyingine nzito zinazobeba mkaa na maziwa.

Tairi la 635 haliingii kwenye rimu ya 622, hata kama muuzaji anasema zote ni "ishirini na nane". Litakaa likicheza, na likijazwa upepo litaruka nje. Tyubu ni habari nyingine. Tyubu ya 28 x 1½ inakaa vizuri ndani ya tairi la 700C lenye upana wa milimita 32 na zaidi, na tyubu hiyo iko kwenye kila duka la vijijini. Tatizo ni valvu tu. Rimu za resi zina tundu la milimita 6.5 kwa valvu nyembamba, na valvu za kawaida zinataka 8.5. Ukinunua rimu mpya, chagua yenye tundu kubwa. Rimu pana ya zamani unaweza kuitoboa kwa biti ya 8.5 kisha ukasugua kingo kwa msasa, maana ukingo mkali utakata tyubu kwenye shina la valvu. Rimu nyembamba sana usiitoboe.

Nyuzi za skrubu za tundu la kranki nazo hutofautiana kwa nchi. Baiskeli za Kiingereza na nyingi za Kijapani zina tundu la upana wa milimita 68, na kikombe cha kulia, kile kinachoshika gololi, hufunguka kinyume: unakizungusha kufuata mwelekeo wa saa ili kukifungua. Za Kiitaliano zina milimita 70 na vikombe vyote hufunguka kawaida. Za Kifaransa zina 68 lakini nyuzi zake ni tofauti na vipuri vyake ni shida. Mtu mmoja akilazimisha kikombe cha kulia upande usio wake kwa bomba refu, tundu la fremu linakwisha.

Gurudumu la nyuma

Kama rimu zako ni za chuma zinazong'aa, zitoe, zote mbili. Mvua ikinyesha, raba za breki huteleza juu ya chuma laini na baiskeli yenye mzigo haisimami. Weka rimu za alumini za kuta mbili, spoku 36 kila gurudumu, na kila spoku ivuke nyingine tatu. Ukipata spoku zenye unene wa milimita 2.0 mwishoni na 1.8 katikati, chukua hizo kwa nyuma. Zinavutika kidogo, na mshtuko unagawanywa kwa spoku za jirani.

Watu hudhani spoku hukatika kwa kukazwa sana. Kwa kawaida ni kinyume chake. Spoku iliyolegea hulegea zaidi kila inapopita chini na kukaza tena inapopanda, na baada ya mamia ya maelfu ya mizunguko shingo yake kwenye habu (kitovu cha gurudumu) inachoka. Ndiyo maana zinazokatika ni za nyuma, na wakati mwingine inakatika ukiwa unakwenda polepole tambarare. Mwambie fundi akaze zote sawasawa mpaka ukizipiga kwa kucha za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Kulia kutakuwa na sauti ya juu kuliko kushoto kwa sababu ya nafasi ya friwili (rundo la gia za nyuma), na hilo ni sawa. Kisha shika spoku mbili mbili zinazokwenda sambamba uzibane kwa mikono miwili kwa nguvu, gurudumu zima. Zitalia "tik". Nyoosha tena, bana tena, mpaka zinyamaze. Fundi wengi huruka hatua hii kwa sababu gurudumu linaonekana limeshanyooka.

Kuna udhaifu mwingine hauonekani. Kwenye habu ya friwili ya kufungwa kwa nyuzi, gololi za kulia zipo mbali na mdomo wa fremu, kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli kinabaki hewani na uzito wote unakipinda. Kwa mwendeshaji mwepesi na mzigo usiozidi kilo 15 unaweza kuendelea nayo, ukiwa na ekseli ya akiba. Zaidi ya hapo tafuta gurudumu la kaseti (gia zake huchomekwa kwenye habu badala ya kufungwa kwa nyuzi) la milimita 130, ambalo gololi zake za kulia zipo karibu na fremu. Tofauti ya bei itajilipa.

Habu zote zifunguliwe, zioshwe kwa mafuta ya taa, gololi zibadilishwe. Mbele kwa kawaida ni 3/16 ya inchi, 10 kila upande. Nyuma ni 1/4, 9 kila upande. Kama koni, kile kipande kinachobana gololi kwenye ekseli, ina vishimo, gololi mpya hazitasaidia, badilisha koni. Kaza hadi ekseli izunguke bila kukwaruza na gurudumu lisicheze ukilitikisa.

Gia

Baiskeli ya resi ya zamani mara nyingi ina meno 52 na 42 mbele, 14 hadi 24 nyuma. Gia yake nyepesi kabisa, 42 kwa 24, inasogeza baiskeli karibu mita 3.8 kwa kila mzunguko wa pedeli. Ziliundwa kwa watu wasio na mzigo na wanaojiona wagumu. Ukipanda mlima wa Kitonga, kwenye barabara ya Iringa, na kilo 15 za mizigo kwa mwendo wa kilomita 5.5 kwa saa, gia hiyo inakutaka uzungushe mara 24 tu kwa dakika, kila mzunguko ukisimama juu ya pedeli. Magoti hayatafika Iringa.

Suluhisho rahisi lipo kwenye baiskeli za milima za mtumba: kranki ya meno 42, 34 na 24. Ifungie friwili ya gia 7 ya meno 14 hadi 34, ambayo inaingia kwenye upana wa 126 bila kupanua fremu. Sasa 24 kwa 34 inakupa mita 1.5 kwa mzunguko, na mwendo uleule wa 5.5 unaupata kwa mizunguko 60. Kwa upande wa kasi, 42 kwa 14 ukizungusha mara 80 kwa dakika ni kilomita 31 kwa saa. Ukiwa na mizigo hutahitaji zaidi, na mteremkoni unaacha kupiga pedeli tu.

Mpangilio wake ni huu:

1. Chukua kranki pamoja na ekseli yake kama ipo, au pima urefu wa ekseli yake kabla ya kununua nyingine. Ekseli fupi itafanya pete ndogo iguse fremu. Ndefu itasukuma mnyororo nje.
2. Hakikisha pete ya katikati imeelekea gia ya nne ya nyuma ukitazama kutoka nyuma kwa jicho moja.
3. Weka deraila ya nyuma (kifaa kinachohamisha mnyororo) yenye mkono mrefu. Uwezo unaotakiwa ni tofauti ya mbele ukijumlisha tofauti ya nyuma: (42−24) + (34−14) = 38. Deraila ya resi yenye mkono mfupi haifiki hapo, mnyororo utaning'inia.
4. Kata mnyororo mpya hivi: uzungushe kwenye pete kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kupita kwenye deraila, kisha ongeza pini mbili. Ukiwa mfupi zaidi ya hapo, siku utakayokosea ukaweka kubwa kwa kubwa utang'oa deraila.
5. Bakiza levya za zamani za msuguano, zile za kwenye bomba la chini. Hazina "klik", kwa hiyo zinakubaliana na deraila na friwili yoyote, na waya ukivutika unarekebisha kwa kidole tu.

Breki

Ukihama kutoka rimu za 630 kwenda 622, rimu inashuka milimita 4 kutoka kwenye raba. Pima toka bolti ya breki hadi katikati ya ukuta wa rimu mpya. Ikiwa ni kati ya 47 na 57, breki mpya za kisasa zenye mkono mrefu zinapatikana, na mara nyingi tairi la 32 pamoja na madigadi litapita. Ukipata chini ya 47, kubali tairi la 25 au 28 na usahau madigadi.

Breki za kisasa hufungwa kwa nati iliyozama ndani ya fremu, na tundu la zamani ni la milimita 6. Toboa upande wa nyuma tu wa taji la foku uwe 8. Upande wa mbele uache ulivyo. Nyuma tumia breki ya aina ya mbele, bolti yake ni ndefu na inakubali nati ya kawaida. Badilisha waya na maganda yake yote. Breki nyingi zinazosemwa "zimechoka" zina ganda lililojaa kutu tu.

Keria na mzigo

Fremu nyingi za resi hazina vitundu vya keria. Tumia klipu za chuma zenye raba ndani, zinazozunguka bomba na kufungwa kwa bolti ya M5 (unene wa milimita 5). Usikubali fundi achomelee kitu kwenye fremu. Ukuta wa bomba hizo unaweza kuwa chini ya milimita 1, na moto wa kuchomelea unaudhoofisha palepale.

Keria yenyewe unaweza kuchomelewa mtaani kwa chuma cha duara cha milimita 6. Mita nne zina uzito wa gramu 900 hivi. Wengi hutumia nondo ya milimita 8, na keria peke yake inafika kilo 1.6. Umuhimu upo kwenye umbo: miguu miwili kila upande inayounda pembetatu, si mguu mmoja ulionyooka. Keria ya mguu mmoja huyumba kushoto na kulia mpaka bolti inakatika.

Bolti hukatika kwa sababu mbili, imelegea au keria imekaa mbali na fremu juu ya rundo la washa. Tumia bolti ndefu kidogo na nati ya kujifunga upande wa ndani, ili ikikatika upate kichwa cha kushika. Upande wa kulia angalia mwisho wa bolti usiguse mnyororo ukiwa kwenye gia ndogo kabisa. Kosa hili halionekani dukani, linaonekana unapoteremka.

Fremu za resi ni fupi nyuma, sentimita 41 au 42 toka kranki hadi ekseli, wakati baiskeli ya safari ina 44 hadi 46. Kisigino kitagonga mifuko. Isogeze nyuma kadiri inavyowezekana, au tumia mifuko iliyokatwa pembe ya mbele. Vitu vizito, yaani maji, vipuri na unga, vikae chini kabisa na karibu na ekseli. Hema na nguo zikae juu. Kama mzigo wote ni zaidi ya kilo 15, hamishia kilo 4 au 5 mbele. Bomba hizi nyembamba hupinda kidogo, na mzigo wote ukikaa nyuma usukani unaweza kuanza kutikisika wenyewe mteremkoni. Ikitokea, usibane usukani: bana bomba la juu kwa magoti, punguza mwendo taratibu kwa breki ya nyuma, kisha upange mzigo upya.

Kiti, usukani, upepo

Shina la usukani lina mstari wa mwisho wa kuinua, usiuvuke. Inatosha usukani ukiwa usawa wa kiti. Usukani uliopinda ubakize, kwa safari ya saa saba mikono inahitaji mahali pa kuhamia.

Kwa tairi la 32 na mtu wa kilo 70 mwenye mizigo, anza na psi (kipimo cha upepo kwenye pampu) 75 hadi 80 nyuma na 60 hadi 65 mbele. Chini ya hapo rimu itagonga kwenye matuta na tyubu itatoboka matundu mawili yanayotazamana. Mbigili ni shida tofauti: usiburute baiskeli pembeni mwa barabara kwenye majani makavu, ibebe. Ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu na kulazwa ndani ya tairi unasaidia, mradi kingo zake zisiwe na ncha.

Vya kubeba: tyubu mbili, viraka na gundi, pampu, spoku sita za urefu wa nyuma kulia na mbili za urefu mwingine, spana ya spoku, kitolea friwili, kikata mnyororo, alenki za 4, 5 na 6, waya mmoja wa breki na mmoja wa gia, bolti nne za M5, kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 8 cha kuziba tairi lililopasuka. Kitolea friwili usikiache nyumbani. Spoku ya kulia ikikatika huwezi kuingiza mpya bila kung'oa friwili, na jiliwa utaikuta kwa fundi yeyote mjini lakini kitolea cha friwili yako hutakikuta.

Jaribio

Pakia mzigo wote wa safari, hata maji, uende kilomita 30 hadi 40 kwenye barabara yenye mlima na vumbi. Ukirudi kaza bolti za kranki, maana za mraba hulegea baada ya kufungwa upya, na ukiendesha zikiwa zimelegea tundu la mraba linaharibika na kranki ni ya kutupa. Kaza bolti zote za keria. Nyoosha gurudumu la nyuma tena. Rudia kilomita 150 baadaye.

Mnyororo upime kila wiki kwa rula ya inchi. Weka pini moja kwenye sifuri. Pini ya inchi 12 inapaswa kukaa juu ya 12 kamili. Ikipita kwa 1/16, badilisha mnyororo peke yake. Ukisubiri mpaka ipite kwa 1/8, utanunua na friwili.